Mungu amekasirikia nani? Jibu kwa wahubiri wa hasira

Tangu vita vya 1996 mpaka leo, hapa Kasongo na kule Kabambare, kuna neno moja lisilopumzika: Mungu amekasirika. Mvua ikichelewa, Mungu amekasirika. Radi ikipiga nyumba, Mungu amekasirika. Mtoto akianguka mtihani wa Leta, mihogo ikioza shambani, mama akikosa uzazi, mtu akitoka vipele vya mpoksi, jibu liko tayari mbele ya swali: ni hasira, ni hukumu, ni laana ya mababu.

Ndugu msomaji, neno hili si dogo. Kuna watu wanaolipa, tena wanalipa kwa maisha yao. Ndiyo sababu tunaona ni lazima kulijibu katika kitabu hiki cha mila na desturi, kwani wale wanaolitangaza wanasema kwamba chanzo cha hasira hiyo ni mila zetu: ngoma, majina ya wazee, matanga, kuwakumbuka wafu. Tutajibu bila matusi. Lakini tutajibu.

1. Kidole kinaelekea wapi?

Jambo la kwanza ni kuangalia kidole cha mhubiri. Anaposema Mungu amekasirika, kidole kinaelekea kwa nani? Kinaelekea kwa mama mzee anayelala peke yake na macho yake mekundu ya moshi. Kinaelekea kwa mjane ambaye shemeji zake wanataka nyumba. Kinaelekea kwa yatima anayelelewa na mke wa baba, mtoto anayekojoa kitandani, ao mwenye kifafa, ao mwenye akili nyingi kuliko watoto wa nyumba. Hao ndio walozi. Hao ndio wameleta hasira katika mtaa.

Sasa tuulize: je, umekwisha kusikia mahubiri yanayosema Mungu amemkasirikia mwenye bunduki anayetoza watu franka kwenye kizuizi, mama ametoka sokoni na beseni ya mawese kichwani? Mkubwa anayeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili? Mwalimu anayeuza pointi? Mtu anayeuza dawa zilizokwisha muda wake? Dhahabu inatoka Namoya tangu nyakati za wakoloni, na barabara ya Kabambare inabaki matope na mashimo. Juu ya nini hasira ya Mungu haipiti kamwe upande ule? Juu ya nini inajua tu njia ya kwenda kwa maskini?

Hasira inayoogopa wakubwa na kupiga wadogo, sisi tunaijua. Ni hasira ya wanadamu. Haiko ya Mungu.

2. Biblia yenyewe inasema nini

Watatuambia: wewe mwalimu, unataka kufuta hasira ya Mungu katika Biblia. Hapana. Hasira imo, tena imo mara nyingi. Katika karne ya pili, huko Roma, alikuwako mtu mmjoa anayeitwa Marcion aliyetaka kumtupa Mungu wa Agano la Kale kwa sababu ni Mungu wa hasira na hukumu. Kanisa lilimtenga mwaka wa 144. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya nne, mwandishi Mkristo Lactance aliandika kitabu kizima juu ya hasira ya Mungu. Maana ya hoja yake ni hii: Mungu asiyekasirikia ubaya hawezi pia kuwa Mungu anayependa wema. Sisi tunakubali. Mtu anayetazama mtoto akipigwa bure na moyo wake ukabaki baridi, huyo si mwema.

Basi swali si kama Mungu anakasirika. Swali ni: anakasirikia nini?

Tusome. Nabii Amosi anatangaza hukumu juu ya wale waliouza maskini kwa bei ya viatu, na anasema Mungu amechoka na sikukuu zao na kelele za nyimbo zao, maana haki haimo. Yesu mwenyewe, Injili ya Marko inasema alikasirika siku ile ya sabato walipomvizia kuona kama atamponya mtu wa mkono uliopooza. Alikasirika tena ndani ya hekalu, mbele ya wale waliofanya nyumba ya sala kuwa soko. Na hukumu ya mwisho katika Matayo sura ya 25, maswali yake ni nini? Je, ulinipa chakula? Ulinipa maji? Ulinivika? Ulinitembelea katika ugonjwa na kifungo? Hakuna swali hata moja juu ya ngoma.

Wakristo wengi wa kwetu wanapenda kitabu cha Yobu, lakini hawafiki mwisho wake. Marafiki watatu wanakuja kumwambia Yobu: umepata msiba, kwa hiyo umetenda dhambi, tubu. Ndiyo mahubiri tunayosikia kila jioni kwenye kipaza sauti. Na mwisho wa kitabu Mungu anakasirika kweli. Anamkasirikia nani? Si Yobu. Anawakasirikia wale marafiki watatu kwa kuwa wamesema vibaya juu yake, na ni Yobu ndiye anayepaswa kuwaombea. Wahubiri wetu wangesoma sura ile ya 42 wakiwa wamekaa chini.

Tena Yesu mwenyewe alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alisema kwamba hawakuwa wakosefu kupita wakaaji wengine wa Yerusalemu. Kisha aliwaambia wote watubu. Wote, maana yake hata yule anayesikiliza. Walimwuliza pia juu ya kipofu tangu kuzaliwa: nani alikosa, yeye ao wazazi wake? Akajibu: si yeye, si wazazi. Mambo hayo mawili yangetosha kufunga midomo ya wote wanaotafuta mkosaji nyuma ya kila kitanda cha mgonjwa.

3. Kasongo imekwisha kuhukumiwa mara ngapi?

Sisi watu wa Kasongo tungekuwa wa kwanza kuwa na mashaka na maneno ya hukumu, maana tumehukumiwa mara nyingi, na kila mara na hakimu mwingine.

Tarehe 22 ya mwezi wa 4, 1893, majeshi ya Dhanis yaliingia Kasongo ya zamani, mji wa Tippu Tip na mwanawe Sefu. Huko Ulaya, ambako Kadinali Lavigerie alikuwa amehubiri tangu 1888 dhidi ya biashara ya watumwa, ilikuwa rahisi kuona katika anguko lile mkono wa Mungu. Na kweli, kuuza watu ni dhambi kubwa, hatuiteteI. Lakini walioingia walileta nini? Walileta Leta ya Léopold II, pembe na mpira kwa nguvu. Kisha tangu 1917 kilimo cha lazima, pamba, na fimbo mgongoni kwa mtu ambaye shamba lake halikuwa na kipimo. Kama 1893 ilikuwa hukumu juu ya watumwa kuuzwa, juu ya nini wajukuu wa wale watumwa ndio waliochapwa juu ya pamba? Anayeshinda husema Mungu amehukumu. Anayeshindwa huzika wafu wake.

Tuendelee. Mwaka wa 1944, upande wa Masisi na Lubutu, watu wa Kitawala wakiongozwa na Bushiri Lungundu walisimama dhidi ya wazungu, wakiamini kwamba siku ya hukumu imefika. Tofauti yao na wahubiri wa leo ni kwamba hukumu yao ilitazama juu, kwa aliyewabeba mzigo, si chini kwa mama mzee. Lakini mwisho ulikuwa damu, na hukumu iliyofika ilikuwa ya askari wa koloni.

Mwaka wa 1964 Simba waliingia Maniema. Kindu ilianguka mwezi wa 7. Wazee wetu wanakumbuka maji ya Mulele na masharti yake: usiguse hiki, usile kile, usitazame nyuma. Risasi ikimpata mmoja, hawakusema maji hayana nguvu. Walisema: amevunja sharti. Angalieni vizuri, wandugu, ni hesabu ile ile ya mapasta wa leo. Ukiomba ukapona, ni nguvu ya mtumishi. Ukiomba ukafa, ni dhambi yako. Mwenye dawa hashindwi hata siku moja. Anayeshindwa ni marehemu.

Halafu vita vya 1996 na vya 1998 mpaka 2003. Watu wa vijiji vyetu walilala porini, wakala mizizi, wakazika watoto bila jeneza. Kuna wahubiri wanaosema mpaka leo kwamba ile ilikuwa adhabu ya Mungu kwa Kongo. Lakini mwaka wa 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti juu ya uhalifu uliofanyika katika inchi yetu kati ya 1993 na 2003. Ndani yake kuna matukio 617, pamoja na fasi, tarehe na vikundi vilivyotenda. Mtu aliyepiga risasi ana kabila la silaha, ana kamanda, ana aliyemlipa. Ukisema ni Mungu aliyepiga, umemwambia kamanda: nenda nyumbani, kesi yako imefungwa. Na mama aliyepoteza watoto wake umemwambia: ni wewe uliyekosa. Hakuna udhalimu kupita huo.

Hata magonjwa yanatufundisha. Ndui iliwatisha babu zetu, na wengi waliita ni hasira ya mbinguni. Mwaka wa 1980 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani. Imekwisha namna gani? Kwa chanjo, na kwa watu waliotembea kijiji kwa kijiji na sindano. Je, watu wote wa dunia walitubu mwaka ule? Kama hasira ya Mungu inaweza kuzuiwa na sindano, basi haikuwa hasira, ilikuwa ugonjwa.

4. Laana ya wazee ilikuwa na mlango wa kutokea

Sasa tuje kwa mila. Hatusemi kwamba wazee wetu hawakujua neno laana. Walilijua, tena waliliogopa. Lakini kwa Wabangubangu, Wazimba, Wakusu, Wabuyu na majirani wao, laana ilikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Msiba ukirudia katika jamaa, wazee walikaa barzani na kuuliza: nani amemkosea nani? Mahari ya nani haijalipwa? Mjomba gani alitukanwa? Ndugu gani wawili hawasalimiani juu ya shamba? Aliyekosa aliitwa, akasema mbele ya watu, akaleta kuku ao mbuzi. Aliyekosewa naye alisema maumivu yake mpaka yakaisha. Kisha walikula pamoja, na mzee akatoa baraka. Jambo limekwisha. Kesho yake hakuna aliyeruhusiwa kulifufua.

Tazameni basi yaliyomo: kusikiliza pande mbili, kuungama, kulipa madhara, kula pamoja, kusahau. Padri atakuambia kwamba hiyo haiko mbali na kitubio. Sheikh naye atakuambia kwamba anayetubu kwa Mungu juu ya haki ya mtu, sharti kwanza amrudishie mwenyewe haki yake. Hapa kwetu ambako msikiti na parokia zinasikiana sauti, tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine.

Hasira ya wahubiri wa leo haina mlango wa kutokea. Unafunga siku tatu. Haitoshi, ongeza saba. Unaleta sadaka, haitoshi, panda mbegu. Umeuza mbuzi, umeuza bati za nyumba, bado kuna laana ya bibi mzaa baba ambayo haijakatwa. Kwa nini haiishi? Kwa sababu ikiisha, duka linafungwa. Wazee wetu walisema hasira hasara. Kuna fasi ambapo hasira imekuwa faida, tena faida ya kila juma.

Hatufichi kitu: mila nayo ilikuwa na ubaya wake. Kulikuwa na mwavi, ile sumu waliyonyweshwa walioshitakiwa ulozi; ukitapika wewe ni safi, ukifa ulikuwa mulozi. Wengi walikufa bure. Hatutaki irudi. Lakini tunauliza: mtoto anayefungiwa chumbani bila chakula siku nne, anayetiwa pilipili machoni kusudi aungame, hiyo ni kitu gani? Ni mwavi uliovaa kravati. Wamekataa kila kilicho chema katika mila, palabre, upatanisho, heshima kwa wazee, na wamebakiza kile kimoja kilichostahili kutupwa.

5. Mwisho wa njia hii tumekwisha kuuona

Wengine watasema tunakuza mambo. Tutazame kwa majirani. Huko Uganda, Kanungu, kikundi cha kurudisha Amri Kumi za Mungu kilitangaza kwamba dunia itahukumiwa mwisho wa 1999. Siku ikapita. Watu wakaanza kudai mali zao. Tarehe 17 ya mwezi wa 3, 2000, mamia ya waumini, watoto pamoja nao, waliungua ndani ya nyumba yao ya sala, milango na madirisha yamefungwa. Huko Kenya, msitu wa Shakahola, mwaka wa 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga chakula mpaka kufa kusudi wamwone Yesu mbele ya mwisho wa dunia. Na hapa karibu, Kivu ya Kusini, katika mwezi wa 9 wa 2021 peke yake, wanawake 8 walioshitakiwa ulozi waliuawa, wengine kwa moto. Kabambare inapakana na Kivu ya Kusini. Habari haitembei siku nyingi kufika.

Wale wote walianza na neno gani? Mungu amekasirika.

Na sheria ya inchi yetu haiko kimya. Katiba ya tarehe 18 ya mwezi wa 2, 2006, kipengele cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 ya mwezi wa 1, 2009, juu ya ulinzi wa mtoto, inaweka adhabu ya kifungo kwa anayefanya hivyo. Wangapi kati ya wahubiri wetu wanaijua? Wangapi kati ya machefu wetu wanaitumia?

6. Wanaosema bila woga watu wataharibika

Kuna jibu moja tunalosikia hata kwa watu waliosoma: acheni wahubiri watishe watu, bila woga kila mtu atafanya anavyotaka. Tuliangalie hilo kwa haki. Makanisa ya uamsho yameongezeka kila mtaa. Vipaza sauti vinatisha asubuhi na usiku. Je, rushwa imepungua? Wizi wa mashambani umepungua? Wasichana wanaharibiwa kidogo? Kila mmoja ajibu kufuatana na mtaa wake. Woga haumfanyi mtu kuwa mwema. Unamfanya kutafuta mwingine wa kubebesha kosa. Mwanafunzi anayeogopa fimbo peke yake hajifunzi hesabu. Anajifunza kuiba majibu. Ndiyo yanayotokea katika dini ya woga: kila mmoja anatafuta mulozi wa kumtanguliza mbele ya hakimu.

Tena tuangalie kalasi. Kijana anayeambiwa kwamba ameanguka mtihani kwa laana ya ukoo hatanunua daftari. Atakwenda kwa nabii. Mkulima anayeambiwa kwamba mihogo yake ina laana hatatafuta mbegu safi. Mama ambaye mtoto wake anawaka homa, akiambiwa ni hukumu, atachelewa kufika kituo cha afya, na malaria haingoji mwisho wa mfungo. Neno la hasira linakula akili, kisha linakula watu.

Mtume Paulo aliwaambia Warumi wasijilipize kisasi, waiachie hasira ya Mungu nafasi. Maana yake ni wazi: hukumu ni yake, haiko kazi yetu. Anayechukua kiti cha hakimu na kumwonyesha jirani kwa kidole, huyo ndiye amemnyang'anya Mungu kitu chake.

7. Tunaomba nini

Hatuombi makanisa yafungwe. Tunaomba mambo matatu. Kwanza, mhubiri anayetaja mtu kuwa chanzo cha hasira ya Mungu, aitwe barzani mbele ya chefu, wazee, padri, pasta na sheikh, aonyeshe ushahidi kama mshitaki yeyote; akikosa, aombe msamaha na kulipa, na kama aliyetajwa ni mtoto, kesi iende kwa wenye sheria. Pili, palabre ya upatanisho irudi katika jamaa, bila mwavi, kusudi magomvi ya mahari na mashamba yaishe kabla hayajavaa jina la ulozi. Tatu, atakayehubiri hasira ya Mungu, aihubiri yote, mpaka kwa wenye bunduki na wenye mihuri, kama alivyofanya Amosi, ao anyamaze.

Kwani siku ile ya hukumu, kama Matayo anavyoeleza, yule mama mzee tuliyemfukuza usiku katika mvua hatakuwa upande wa washitakiwa. Atakuwa ndiye aliyekuwa na njaa na baridi. Na sisi ndio tutakaoulizwa.